Hadithi Isiyo na Toba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Mbooni viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi, nimebeba vitabu vingi kuliko nguo. Ilikuwa miaka ya sabini. Mwalimu Mkuu, mtu mpole asiyejua kuharakisha neno, alinionyesha madarasa, nyumba yangu, kisha tangi la kanisa lililopakana na shule. Bomba lake lilikuwa na kufuli.

"Hiyo maji ni ya washirika," alisema. "Sisi na wanafunzi tunateremka mtoni."

Nilikuwa katika kipindi cha majaribio, yaani muda ambao mwalimu anaweza kurudishwa kwao kabla ya kuthibitishwa kazini. Ripoti yangu ingeandikwa na Mwalimu Mkuu, na mwenyekiti wa halmashauri ya shule angetoa kauli yake. Mwenyekiti huyo ndiye aliyekuwa mchungaji wa kanisa lile, na alikuwa mkali kama pilipili. Nyumbani Kitui mama alinitegemea mimi tu, kwa hiyo nilimwogopa sana Mchungaji huyo.

Kidato cha tatu niliwapa hadithi fupi ya Kimarekani. Mjane mcha Mungu ana kisima, na wakati wa ukame anakifunga ili jirani aliyekosana naye asichote. Mwishoni anapiga magoti kuomba mvua, ufunguo ukining'inia shingoni, na hadithi inaishia hapo. Niliwaagiza waandike insha kuhusu dhamira, yaani jambo kuu ambalo hadithi imebeba. Walikuwa watoto wa ibada na ushuhuda. Kwao, mtu akishapiga magoti mwishoni, basi ameokoka. Darasa zima likaandika kwamba mjane alitubu, na wengine wakamwongezea ubatizo. Nami, kwa ujana wangu, nikakata kila "akaokoka" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Wapi?"

Madaftari yale yalifika nyumbani kwa wazazi. Juma halikuisha kabla Mchungaji hajaingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nami nikiwa pale.

"Huyu mwalimu wa Kitui anafuta wokovu kwa vitabu vya watoto!" alisema, hata hakuketi. "Na hii hadithi ni ya kutukana watu wa kuomba. Mtu kama huyu hatuwezi kuthibitisha."

Nilijiona tayari niko njiani kurudi kwetu. Mwalimu Mkuu alimwacha amalize, kisha akasema taratibu, "Mchungaji, watoto wetu wamezoea sauti yako. Twende darasani, utusomee huo mwisho wewe mwenyewe. Ukishamaliza, chochote utakachosema tutafuata."

Mchungaji alisoma, na jamani, alijua kusoma! Kiingereza chake kilipanda na kushuka kama mahubiri, na darasa likatulia kabisa. Alipofika kwenye magoti na ufunguo alifungua ukurasa uliofuata atafute toba. Palikuwa na hadithi nyingine. Akarudi nyuma, akasoma sentensi ya mwisho tena, safari hii polepole.

Mwende, msichana wa dawati la mbele, akainua mkono. "Mchungaji, sasa huyu mama alitubu ama hakutubu?"

Aliweka kidole kwenye ile sentensi ya mwisho, nami nikamhurumia.

"Bado," akajibu. "Ufunguo iko shingoni. Mtu anaweza kupiga magoti na hajatubu."

Akafunga kitabu, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha thamani. Tulimsindikiza nje. Hapo uwanjani alisimama akilitazama tangi.

"Mwalimu Mkuu," aliuliza, "ufunguo ya hiyo tangi inakaa na nani?"

"Ni wewe uko nayo, Mchungaji."

Aliingiza mkono kwenye koti, akavuka uwanja peke yake mbele ya madirisha yote yaliyojaa vichwa vya wanafunzi, akaifungua kufuli na kuondoka nayo. Jioni ile tulichota pale. Na kauli yake kunihusu ilikuwa nzuri.

Nilihamishiwa Kalamba, baadaye Emali, na kila nilipokwenda nilifundisha hadithi ile. Sikukata tena kwa kalamu nyekundu. Niliwaambia wasome mwisho kwa sauti. Niliwahi kumuuliza Mwalimu Mkuu kama alipanga yale yote. Alicheka tu. "Mimi nilimpa kitabu. Kusoma alisoma mwenyewe." Kwa miaka mingi nilimsifu yeye, nikasahau kumsifu msomaji.

Nilistaafu baada ya mwaka elfu mbili, nikajenga tangi hapa kwangu Kitui. Kiangazi kilikuwa kikali, na majirani walikuwa wameanza kuulizia maji. Fundi akanionyesha bomba jipya. "Mwalimu, tuweke kufuli?"

Mimi, niliyeifundisha hadithi ile maisha yangu yote, nilisimama pale nikifikiria muda mrefu mno, wala hapakuwa na dirisha hata moja linalonitazama. Nikamwambia asiweke. Ndipo nilipojua jinsi uwanja ule wa shule ulivyokuwa mpana siku Mchungaji alipouvuka.