Baridi Yabisi ya Raheli

Dorkas aliacha kutembea akiwa na miaka minne. Hakuanguka, wala hakulia. Asubuhi moja ya mwaka 1947 alitoka kwenye ngozi aliyolalia akitambaa kama mtoto mchanga, na mama yake, Raheli, akamwona goti la kushoto limevimba. Jua lilipopanda aliinuka akachechemea. Kesho yake vilevile.

Walikaa chini ya mlima wa Sekenke. Isaka, baba wa mtoto, alikuwa mgodini, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ni Raheli aliyembeba Dorkas mgongoni hadi hospitali ya misheni huko juu, mwendo wa kutwa. Daktari akasema ni baridi yabisi. Raheli alidhani hakusikia vizuri, maana huo aliujua kuwa ugonjwa wa vikongwe. Akaambiwa watoto nao wana wa kwao.

Alipanda mlima ule kila baada ya wiki chache, mwaka wa njaa na mwaka wa mavuno. Goti lilifungwa plasta, likafunguliwa, likafungwa tena. Kifundo cha mguu uleule nacho kikavimba. Mwaka wa tatu dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari, Bwana Zefania, alimulika macho ya mtoto kwa tochi, akamulika tena. Jicho la kulia lilikuwa limeanza ukungu. Raheli akasema mtoto hajalalamika hata siku moja. Zefania akamweleza kwamba ndivyo ugonjwa huu ulivyo kwa watoto: huingia jichoni bila maumivu wala wekundu, na asiyemulika haoni. Jicho lile halikurudi sawa. La pili waliliokoa kwa matone ya dawa.

Kisha mguu mgonjwa ukarefuka kuupita mzima, kwa sababu uvimbe wa goti uliuhimiza mfupa ambao bado ulikuwa unakua. Fundi akaongeza tabaka la mpira kwenye katambuga, kiatu cha tairi, la mguu mzima. Majirani walicheka kwamba Raheli anatibu mguu usioumwa. Alikwisha kuchoka kujibu.

Dorkas alipofika miaka kumi na miwili, uvimbe ukapoa. Miezi sita ikapita, kisha mwaka. Daktari akasema huenda umezimika, kama unavyozimika kwa watoto wengi wa namna yake. Msichana alibaki na jicho moja zuri na goti lisilokunjika hadi mwisho, lakini alikwenda kisimani mwenyewe.

Mwaka huohuo vidole vya Raheli vilianza. Aliamka mikono imekaza, hawezi kufungua kamba ya ndama mpaka ng'ombe wawe wamekwisha kwenda malishoni. Hakumwambia mtu. Walioiona mikono yake walisema ameambukizwa kwa kumbeba mtoto miaka yote ile, na yeye hilo halikumtisha. Alihesabu tu: mtoto aliugua miaka minane, ukaisha. Na wake utaisha. Alisaga uwele juu ya jiwe huku akiuma meno, akingoja.

Alingoja miaka miwili. Walipokwenda kupima jicho la Dorkas, chupa ya matone ilimponyoka. Zefania akaiokota, akaona vifundo vya mikono vimevimba, vidole vimeanza kulalia upande mmoja.

"Mama Dorkas, mbona hukusema?"

"Ni uleule wa mtoto. Nangoja uishe."

Zefania akavuta kigoda, akaketi.

"Jina ni moja, lakini si uleule," alisema. "Wa mtoto ulishika goti na kifundo, mguu mmoja tu. Wako umeshika viungo vidogo, kulia na kushoto sawasawa. Wake ulirefusha mfupa. Wako unakula kiungo. Wala hakukuambukiza."

"Lakini utaisha?"

"Kwa watoto wengi wa namna ya Dorkas huzimika. Kwa mtu mzima ni mara chache sana. Una siku za nafuu, lakini usingoje uishe. Na uchovu huo ulio nao si uvivu. Ni ugonjwa wenyewe."

Raheli alimwomba arudie maneno hayo ya mwisho. Akayarudia. Alipewa aspirini na vibao vya kufungia viganja wakati wa kulala au kupumzika.

Mwaka 1957 Dorkas alipata nafasi katika shule ya kati ya wasichana, ya bweni. Ndugu za Isaka wakasema abaki, nani atasaga? Raheli aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema binti ataenda. Kwa jinsi alivyochoka waliona hata kubishana naye ni aibu.

Mgodi ulikuwa umepunguza watu, Isaka yuko nyumbani. Wiki ya kwanza baada ya Dorkas kuondoka walikula viazi. Wiki ya pili Isaka alitundika ngozi ya ng'ombe mlangoni, wapita njia wasione, akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Hakuwa amewahi kusaga maisha yake yote. Jasho lilimtoka, unga ukawa na chenga na mchanga.

Raheli alikaa kando ya ukuta, viganja vimefungwa vibao, akamwambia asilielemee jiwe sana. Isaka akapunguza. Siku ile walichelewa kula, na ugali ulikwaruza meno. Raheli alikula wote.