Usiguse na Sufuria Isiyokorogwa

Sukari inatokota, povu linapanda, na mwenye sufuria amesimama mikono kwapani. Anaangalia tu. Mtaani wanamwita Usiguse, maana ndilo neno linalosikika dirishani mwake kutwa nzima.

"Wanasema mimi mvivu," anamwambia mwandishi aliyemtembelea, bila kugeuka. "Waseme mpaka wachoke. Uji unakorogwa, mchuzi unakorogwa. Pipi hapana!"

Hukoroga mwanzoni tu, sukari ikiwa inayeyuka kwenye maji, kisha hukamulia ndimu. Ikishachemka, mwiko unakaa kando. Kinachobaki ni kupitisha brashi yenye maji ukingoni mwa sufuria, kuosha chembe za sukari zilizonata.

"Chembe moja ikirudi ndani, inaita wenzake," anaeleza. "Unangoja pipi ing'ae kama kioo, unapata chengachenga."

Juma lililopita yalimkuta. Alitoka kuanua nguo. Mama mkwe wake, mwenye nyumba na mwenye jiko, akaona sufuria imeachwa peke yake, akaionea huruma. Akaikoroga. Pipi zilitoka jikoni safi, lakini zilipofika dukani zikapauka na kusagika mdomoni kama mchanga. Mwenye duka akarudisha makopo yote matatu. Yakirudia, alisema, atatafuta mpishi mwingine. Usiguse anauzia duka hilo hilo moja, na ada ya shule ya binti yake inatoka humo.

"Mama ananiambia, 'Si nilikusaidia?' Mume wangu naye, 'Mwache akoroge, ni mtu mzima.' Mtu mzima! Sukari inajua mtu mzima?"

Ana hasira, na haifichi.

Kabla hajamaliza, mama mkwe anaingia, mwiko mkononi.

"Mwanangu, itaungua hiyo!"

"Haiungui, mama."

"Nigeuze kidogo tu."

Usiguse anasogea, anasimama kati ya mkwewe na jiko. Mikono bado iko kwapani.

"Mama, shikamoo yako naitoa kila asubuhi, na kesho nitaitoa. Lakini hapa hugusi."

Jamani! Mwandishi anatafuta pa kuangalia. Mama mkwe anaguna, anavuta kigoda, anaketi na mwiko wake mapajani.

Tone la sukari linadondoshwa kwenye maji baridi. Usiguse analivunja kwa vidole: ka! Imeiva. Anaepua, anamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Pipi zinapoa, na mikwaruzo ya sinia inaonekana chini yake.

Mama mkwe anatia moja mdomoni, anaimung'unya kitambo kirefu.

"Ngumu," anasema. Kama ni sifa, hasemi.

Nyuma ya nyumba kuna matofali ambayo Usiguse anayanunua kidogo kidogo. Anataka jiko lake mwenyewe, lenye mlango na komeo kwa ndani.

"Kwa hiyo hata mimi utanifungia nje?" anauliza mama mkwe, shavu limetuna pipi.

"Wewe utaingia, mama. Mwiko ndio utabaki nje."