Muundi wa Krismasi Aliyokuja Mshenga

Sisi tuliokulia Tunduma miaka ya themanini ikielekea mwishoni hatukujua mambo ya kununua nyama nusu kilo kwenye mfuko wa rambo. Wee! Krismasi ikifika, familia kadhaa za mtaani zinachanga, ng'ombe anachinjwa alfajiri, na mafungu yanapangwa juu ya majani ya mgomba. Mtu mmoja anayapa mafungu mgongo, mwenzake anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Yule asiyeona anataja jina lolote linalomjia, na imekwisha hiyo, hakuna rufaa. Ukiangukiwa na utumbo, chukua utumbo wako ushangilie.

Ng'ombe tulimjua kuliko tulivyoijua ramani ya Tanzania. Sarara, ile nyama ya ndani ya mgongo, mama aliiita mvivu: haijawahi kufanya kazi, ukiionyesha moto tu imeshalainika. Nundu tuliibanika, mafuta yanachuruzika kwenye makaa huku sisi tumesimama tunameza mate kama paka. Mbavu zilikuwa za supu ya asubuhi na ndizi. Ulimi unachemshwa, unamenywa ngozi, unakaangwa na vitunguu, ila watoto tulikatazwa, eti tutakuwa wambea. Tumekua ndipo tukagundua wakubwa walikuwa wanautaka wenyewe, waongo wale!

Shingo na muundi, yaani ule mguu wa chini ya goti, ndivyo vilivyokuwa na masharti. "Shingo imebeba kichwa chenye pembe maisha yake yote," mama alikuwa akitusomea, "halafu ninyi mnataka ilainike kwa dakika kumi?" Muundi nao umetembea kutoka bondeni Momba hadi mjini. Hivyo unavibandika alfajiri, moto mdogo, tangawizi, kipande cha papai bichi, kisha unaendelea na maisha yako.

Sasa, Krismasi moja dada yangu Neema alikuwa anaposwa na kijana wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka. Alimpenda yule kijana mpaka chai anaitia chumvi. Tatizo lilikuwa mshenga, baba mdogo wa kijana, aliyesema atakuja kula Krismasi kwetu aione nyumba. Tulishapata fununu kwamba hakututaka. Alikuwa na binti mwingine wa huko kwao aliyempigia debe. Akipata kisingizio kimoja tu, Neema kaachwa.

Na siku hiyohiyo, jamani, jina letu likatajwa juu ya fungu la shingo, muundi na mkia! Sarara na nundu vikaenda kwa jirani, Mama Zawadi. Mama akamwomba wabadilishane, Mama Zawadi akacheka mpaka akashika mbavu, akaondoka na beseni lake kichwani.

Mama hakulia. Akabandika. Tatizo akawa baba.

"Mshenga ni mwanaume," baba akasema. "Mwanaume hapewi mchuzi kama mgonjwa. Anapewa nyama choma!"

"Baba Neema, huo ni muundi."

"Nyama ni nyama."

Akakata nusu ya muundi, akawasha jiko lake uani, akaanza kupuliza makaa. Haki ya Mungu, ilipendeza! Nje imekuwa ya kahawia, inang'aa, harufu imevuka uzio. Mshenga alipofika alipewa kipande kikubwa kuliko vyote. Akauma. Akatafuna. Baba akamuuliza habari za safari. Mgeni akainua kidole, subiri kwanza. Akatafuna upande wa kulia, akahamishia kushoto. Macho yakaanza kumtoka. Sisi nyuma ya mlango tumejaza khanga mdomoni tusisikike tukicheka, na Neema katikati yetu analia kwelikweli.

"Naachwa mimi! Naachwa kwa ajili ya mguu wa ng'ombe!"

Hapo ndipo mama alipoingia na bakuli, akapiga magoti, akaliweka karibu na ugali. Shingo ilikuwa inaachia mfupa kwa kuangaliwa tu. Mshenga akageukia ukutani, akakitoa kile kipande kwenye leso kwa siri ambayo wote tuliiona, akaanza upya. Alikula, akafyonza uboho wa muundi, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho.

"Aliyepika hii ndiye aliyemlea binti?" akauliza.

"Ndiye," baba akajibu kwa sauti ndogo.

"Natotela sana, mama, asante. Huyu tunamchukua. Yule mwingine tutamtafutia mtu." Neema aliruka akapiga teke ndoo ya maji, tukaloa wote, na vigelegele mtaa mzima.

Wageni walipoondoka tulimkuta baba uani, peke yake, anatafuna choma yake huku machozi yanamtoka. Tukaanza kucheka tena.

"Si nilikwambia ni ngumu," mama akasema.

"Sio ngumu," baba akasema. "Mwanangu anaondoka."

Mama akavuta kigoda, akachukua kipande, wakawa wanatafuna wawili.

Vijana wa leo wanaingia buchani na neno moja tu, "Steki!" Shingo hawajui iko wapi, na wamevaa cheni shingoni. Nyama inaingia kwenye sufuria ya presha, inapiga filimbi, wameshakula, wameshaipiga picha. Wanaposana kwa simu, na mshenga hajui hata mlango wa jikoni uko upande gani.

Baba na mama hawapo tena. Kila Krismasi navuka mpaka kwenda kwa Neema, na tunabandika muundi mapema, moto mdogo. Wanawe wanakuja toka Lusaka, wanakaa nasi uani, wanatusimulia mambo yao, na kila mara mmoja anauliza, "Mama, bado tu?"

"Bado," Neema anajibu, nami natikisa kichwa kwamba bado. Unakuwa umeiva tangu saa tano. Ila wakishakula, wataondoka.