Majina Yote, Mpaka la Mwisho

Nilipokuwa mtoto, pale Kilibula, kila Jumamosi asubuhi tulianika ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja na betri za redio kwenye bati moja. Mama aliamini kwamba jua huzirudishia betri nguvu, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza. Saa nane mchana zilirudi ndani ya redio, tukakaa kimya, na sauti ya mwanaume ikasema, "Vijana wenzangu, mmeamkaje?" Hakuna aliyeshangaa kuulizwa hivyo mchana.

Kipindi chake kilikuwa cha salamu. Vijana walichana ukurasa wa daftari, wakaandika majina ya wanaowasalimu, wakautumbukiza katika sanduku la mbao mlangoni mwa kituo cha redio. Wa vijiji vya Kiringye na Lubarika waliwapa karatasi zao akina mama waliokuja sokoni na mihogo. Naye alisoma kila jina. Likimshinda, alilirudia polepole mpaka limkubali.

Nikiwa darasa la sita, kaka yangu aliandika majina kumi na tisa, langu la mwisho. Nililala kifudifudi mbele ya redio nikihesabu kwa vidole, nikiwa na hakika kwamba betri zitakufa kwenye la kumi na nane. Hazikufa. Jumatatu, mama mmoja muuza ndizi, ambaye hakuwahi kunisemesha, aliniita kwa jina langu. Sijui kama nimewahi kujulikana kiasi hicho tena.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu Bukavu na diploma yangu ndani ya bahasha. Nilikuwa nimekaa miezi mingi bila kazi pale direkta wa kituo kile kile aliponiita.

"Kipindi ni cha vijana," alisema, "na mwenye kukiendesha iko na miaka hamsini na sita. Anasema 'vijana wenzangu' na kichwa yote nyeupe. Weye uko na ngapi?"

"Makumi mbili na tano."

"Njo ile umri tunatafuta."

Alinipa Jumamosi tatu za kujaribiwa. Nikifaa, kiti ni changu.

Juma zima niliwaza. Kwanza niliwaza kama kuchukua kiti cha mtu ni wizi. Halafu nikawaza kama kuliwaza hilo bila kukataa ni unafiki. Halafu nikasimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya kuongea kama kijana, nikaona haya, kwa sababu kijana ni mimi.

Jumamosi ya kwanza, mzee mwenyewe wa kipindi alinifungulia studio. Aliniwekea bunda la karatasi mezani, akazinyoosha pembe zake kwa kiganja, akatoka. Karatasi ya tatu ilikuwa na majina thelathini. Nilitazama saa. Nikajiambia kijana wa leo ana simu mkononi, hana subira, anataka muziki. Nikasoma majina matano, nikasema "na wengine wengi", nikaweka wimbo. Zilizofuata nikazifanya hivyo hivyo. Nilitoka studio nikijiona wa kisasa.

Jumatatu nilikuwa na mzee kwenye benchi la uani alipoingia mwanafunzi wa sekondari, msichana, viatu vyake vimejaa vumbi la barabara ya Kiringye.

"Natafuta ule mama wa Jumamosi," alisema.

"Mama gani?" nikauliza.

"Ule anasoma haraka haraka, kama mutu wa ofisi iko anataka kufunga."

"Ni minye," nikasema, nikijigusa kifua.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Weye? Minye nilizani uko mama ya watoto sita."

Mzee aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Ulisema 'na wengine wengi'," msichana aliendelea. "Wengine wengi ni sisi. Tulikuwa watu kumi na mbili kwa redio moja, tukangojea mpaka mwisho. Kijana wenu iko wapi? Ule wa mbele, wa siku zote. Yeye anasomaka wote." Akamgeukia mzee kwa adabu. "Papa, ule kijana aliacha kazi?"

"Bado, kijana mwenzangu," mzee akajibu.

Msichana aliziba mdomo kwa mikono miwili. Alizitazama nywele za mzee, kisha mdomo wake, kisha nywele tena.

"Kumbe ni weye?"

"Ni minye. Hii nywele ni ya baba yangu, aliniachia tu."

Alicheka mpaka akainama. Kisha akatoa mfukoni karatasi aliyoiandika upya, na mzee akaisoma pale pale kwenye benchi, kwa sauti ya redio, huku msichana akiitika kwa kichwa kila jina.

Jumamosi mbili zilizobaki nilisoma yote. Lakini sikuweza kuyafuta yale niliyoyasikia. Nikimwambia direkta, kazi imekwenda. Nikinyamaza, nitaipata kwa sababu ya umri wangu, na msichana mmoja wa Kiringye atajua kwamba umri huo haukusikika. Nilifika mlangoni pake mara mbili nikarudi. Mara ya tatu niliingia, nikasema yote, nikamalizia: "Kijana ni yeye. Muache aendelee."

Direkta alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na tangu siku ile unasoma majina yote?"

"Yote."

"Basi umejifunza. Kiti ni chako. Yeye ataenda kwa matangazo ya asubuhi."

Nilibaki nimesimama pale, sijui nimemtetea au nimemmaliza. Sijui hata leo.

Sasa asubuhi mama huwasha redio akichambua ndagala, na tunamsikia mzee akisoma matangazo ya vifo. Husoma watoto wote wa marehemu na wajukuu wote, jina kwa jina, na mama hasogei mpaka amalize.

Jumamosi ya kwanza ya kiti changu nilifungua sanduku nikakuta, kati ya karatasi za wanafunzi, ukurasa wenye maandishi yaliyonyooka ya mtu mzima, pembe zake zimenyooshwa kwa kiganja kama za bunda lile la kwanza. Alikuwa anasalimu watoto wake, majirani zake, kwaya ya kanisa lake. Majina ishirini na mawili. Niliusoma taratibu. Moja lilinishinda, nikalirudia. La mwisho lilikuwa langu, na nililisoma pia.