Pemba Niliyokula Ilipogeuka Nyeusi Maabara

Nilitapika kwenye sinki la maabara mbele ya mfanyakazi mwenzangu, na sioni aibu kusema. Ungejua nilichokuwa natafuna, ungetapika na wewe.

Naitwa Dorah, mwalimu wa kemia hapa Shinyanga. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimba ile ilitaka pemba tu, ule udongo wa kutafuna. Ugali sitaki, samaki nikimwona nakimbia, ila udongo natafuna kama bisi.

Nilinunua kwa Mbuke, sokoni. Kwa siri, maana mwalimu mzima kuonekana anakula udongo, wee!

"Mwalimu, mzigo wa sasa ni laini," Mbuke alinisifia. "Hauna hata chembe ya mchanga."

Kweli, ulikuwa unayeyukia mdomoni.

Siku hiyo Athanas, fundi wetu wa maabara na mtu pekee shuleni aliyeijua siri yangu, alikuwa anaandaa zoezi la kidato cha sita, la kutenganisha metali kwa salfaidi. Gesi yake mnaijua? Mayai viza matupu. Ukitoka hapo nguo zinanuka, nywele zinanuka, hata mate yananuka.

"Madam, lete na hicho chakula chako tukipime," akanitania.

"Pima, uniambie kina vitamini ngapi."

Akachemsha kipande kwenye asidi, akachuja, akapitisha gesi.

Maji yakawa meusi tii.

Tukaacha kucheka. Udongo karibu wote una chuma, lakini kwenye asidi salfaidi ya chuma haigandi. Ukiona weusi hapo, kuna metali nyingine, na nyingi kati ya hizo si rafiki wa mtoto aliye tumboni.

Tukalichuja lile tope, tukalichemsha kwenye asidi ya nitriki. Sehemu ikayeyuka. Tulipoipima, ilikuwa madini ya risasi. Sehemu ikagoma, ikabaki nyeusi chini ya neli.

"Madam," Athanas akasema taratibu, "hii inayogoma ni zebaki."

Hapo ndipo nilipolikimbilia sinki. Nilisukutua, nikaupangusa ulimi kwa leso, na bado niliisikia ladha yake kwenye fizi.

Zebaki hutumiwa na wachenjuaji wa dhahabu. Kuna mtu alichukua marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kukamuliwa dhahabu, akaufinyanga, akaukausha, akawauzia wajawazito. Ndiyo maana ulikuwa laini. Ulipita kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu!

Jioni mume wangu Ngusa akarudi kutoka Geita, ambako ana karasha lake. Nikaweka ile neli mezani na kipande cha pemba pembeni. Nilijua atanisaidia kumpata huyo mnyama, maana wenye makarasha wenzake anawajua wote.

"Baba, nimekuwa nikila hii. Ina zebaki. Mtoto wetu huyu..."

Hakuuliza zebaki imefikaje humo. Alipiga meza kwa hasira.

"Huyu Mbuke! Si nilimwambia asikuuzie wewe?"

Wewe.

Nilimtazama mwanamume ninayempakulia chakula kila akirudi. Nikawakumbuka wajawazito ninaowakuta kwa Mbuke pale sokoni, mmoja wao ana mapacha tumboni. Hao hakuwa amemkataza Mbuke kuwauzia.

"Mke wangu," akasema, sauti imelainika ghafla, "mambo haya tuyamalize humu humu ndani."

Kichefuchefu alichonitia pale, hata ile gesi haikunitia.

Kesho yake niliipeleka neli polisi. Kisha nikaenda kwa Mbuke, nikasimama mbele ya meza yake, nikawaambia wanawake wateme kilichomo mdomoni. Wengine walinitukana. Wengine walianza kulia.

Sasa mimba ina miezi saba. Mtoto anacheza, daktari ananifuatilia, na zaidi ya hapo hakuna anayeweza kuniahidi chochote. Ngusa nimemwachia nyumba yake.

Dada zangu, acheni kula udongo. Na wewe unayejisifu kwamba mumeo anakulinda, angalia kwanza wake za wenzake anawauzia nini.