Madaftari Juu ya Meza ya Nesi

Nilirudi nyumbani Mbozi na sapu moja, mtihani wa kurudia, wa somo la programu, na nikiikosa hiyo nadisko, chuo basi. Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, na kijijini kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Katika maelezo yangu yote mama alishika neno moja tu, kurudia. "Rudia basi," akasema, akaendelea kuchambua kahawa, kila punje akiisogeza kwenye jicho la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa na ukungu.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Tengeneza klasi, yaani kipande cha programu, kinachofanya kazi kama foleni, anayetangulia kuingia atangulie kutoka, ila ndani yake utumie marundo mawili tu. Lakini rundo ni kinyume cha foleni! Kilichowekwa mwisho ndicho kilicho juu, na ndicho kinachotoka kwanza. Niliona ni kama kuambiwa nisonge ugali kwa uma. Mwalimu alikuwa amesema tupindue rundo la kuingilia juu ya rundo la kutolea, kisha tutoe. Nikaijaribu kwenye karatasi. Nikaingiza moja, mbili, tatu, nikapindua, akatoka moja. Vizuri. Nikaongeza nne na tano, nikapindua, akatoka nne. Mbili kaenda wapi? Nikafuta, nikaanza upya, akatoka nne tena. Nilimchukia mwalimu, nikaichukia karatasi, na kibaya zaidi hata sikujua ni kipi hasa nisichokielewa.

Wiki hiyo daktari wa macho alikuja kwenye zahanati yetu. Alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi na kuondoka saa saba, awe amemaliza watu au hajamaliza. Mama alidamka, tukatembea naye. Utaratibu wa pale ulikuwa kila mgonjwa aweke daftari lake kwenye boksi mezani, juu ya la aliyemtangulia. Daktari akifika, nesi anapindua rundo zima, wa kwanza anakuwa juu, kazi inaanza. La mama lilikuwa la kumi, la mwisho kabla daktari hajafika.

Siku hiyo nesi alikuwa peke yake, na watoto wa chanjo walikuwa wanalia upande wa pili. Akaniona. "Wewe si msomi wa kompyuta? Mdogo wangu, nipangie haya, uwe unaita."

Mama akanishika mkono kabla sijakaa. "Usinipendelee," akaninong'oneza. "Watu wanatuangalia."

Nikakaa, kifua mbele. Nikapindua rundo, nikaita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wakazidi kuja, wengine wametoka mbali, mpaka Msangano, na boksi likaanza kujaa. Mimi sipendi meza iliyovurugika. Kila boksi lilipojaa kidogo nililipindua juu ya rundo nililokuwa naita, nikaendelea kuita walio juu, kwa sauti ya mtu anayejua kazi.

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba yeye kafika kabla ya yule aliyeingia. Nikamjibu kila mtu na zamu yake, avute subira. Jirani yetu naye akafungua kinywa, mama akamkatiza, "Mwacheni, anajua anachofanya."

Sikujua. Nilikuwa nahisi kuna kitu hakiendi sawa, kama mtu aliyevaa viatu visivyofanana na hajaangalia chini. Nilihesabu vichwa kwenye benchi, nikahesabu madaftari, hesabu ikakubali. Sasa kosa liko wapi? Nikapindua tena.

Saa saba daktari akatoka, akafunga mkoba wake, akaaga. Yalibaki madaftari saba mezani. Nikayainua niyarudishe, na la chini kabisa lilikuwa la mama. La kumi tangu asubuhi, na watu waliokuja saa nne walishatibiwa, wakaenda zao. Hapo ndipo nilipomwona mbili wangu. Alikuwa chini ya nne na tano, mahali nilipomfukia mwenyewe. Rundo la kutolea lisipokwisha, hupindui kitu juu yake. Jambo lenyewe ndilo hilo tu.

Njiani nilitaka kusema. Mama akatangulia yeye. "Leo umeniheshimisha. Wote walidhani utaliweka langu juu. Mwanangu huna upendeleo." Alikuwa anafuta jicho kwa ncha ya khanga na kucheka. Nikaona aibu, nikatangulia njia asinione uso.

Sapu nilifaulu. Mama alivuna kahawa mwezi ule kwa jicho moja, akachanganya mbichi na mbivu, na kwenye mashine ya kukoboa wakamrudishia ndoo mbili mbele za watu. Daktari aliporudi alimwambia ni mtoto wa jicho.

Mwalimu alitufundisha kwamba klasi nzuri huficha mambo yake ya ndani, anayeitumia aone tu kinachoingia na kinachotoka. Mama aliona daftari lake likiingia, hakuliona likitoka, na kilichotokea katikati akakijaza mwenyewe kwa jinsi anavyonipenda. Sijui kama kumwambia sasa ni kumpa haki yake au ni kumnyang'anya. Bado anaisimulia hadithi hiyo kwa kina mama wa kanisani wakija nyumbani, na akifika kwenye "hana upendeleo", mimi huinuka kwenda kuangalia moto jikoni.