Siku Edina Alipokwenda Kupumzika

Miaka kumi na tisa Edina ameanika dagaa mchangani Kibirizi, kando ya ziwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna jua lililowaka asilisimamie. Ndiyo maana wanajumuiya wenzake walipopanga kutembelea maporomoko ya maji huko juu Kalinzi, palipokuwa na kiwanda cha zamani cha kumenya kahawa, walimbembeleza wiki nzima. Akakubali, shingo upande. Dagaa wa alfajiri akamwachia Happiness, mke wa mwanawe, pamoja na maagizo ya kutosha kuendesha meli.

"Nenda ukapumzike, mama," Happiness alimwambia. "Kuanika najua."

Kujua! Mtoto wa watu ana miaka mitatu tu hapo ufukweni.

Huko juu walipokewa na mzee Wilfred, aliyefanya kazi kiwandani enzi zake. Akawaonyesha mfereji wa mawe uliochepusha maji, na gurudumu kubwa la chuma, sasa limeliwa na kutu. Maji yalilizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha mashine, na kahawa ikamenywa bila tone la dizeli. Wenzake wakashangaa, wakapiga picha. Edina alikuwa anatafuta mtandao.

"Edina, hebu geuka uyaone maji!" akaita Leonia, mwenyekiti wa jumuiya.

"Nayasikia," akajibu, huku akipanda jiwe.

Juu ya jiwe simu ikashika, na ziwa likaonekana lote kule chini. Mungu wangu! Wingu jeusi tii limetanda juu ya maji, upande uleule wa Kibirizi. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani, basi tena. Akapiga simu ufukweni.

"Happiness! Mvua hiyo! Anua dagaa, tia kwenye magunia!"

"Mama, huku jua kali. Hilo wingu liko mbali, linakwenda zake Kongo. Na dagaa hawajakauka, tukiwafunga watachemka."

"Kati yangu na wewe nani kaanza kuanika? Anua, nakwambia!"

"Haya, mama."

Alipata nafuu kama dakika tano. Kisha akaanza kuwaza kama magunia yamefunikwa. Wali hakula, mguu majini hakutia; alikuwa wa kupanda jiwe na kushuka, mpaka Leonia akakasirika na kusema heri wangemwacha na dagaa wake.

Walirudi saa kumi. Mchanga wa Kibirizi ulikuwa mkavu, unachoma nyayo. Majirani walikuwa wanazoa dagaa waliokauka vizuri. Edina akaenda moja kwa moja kwenye magunia yake, akafungua la kwanza, akatia mkono. Joto. Dagaa wamelainika, vichwa vimekatika, na harufu imeshageuka. Akafungua la pili. La tatu hakuligusa. Hao sasa walikuwa wa kulishia kuku.

Happiness alisimama pembeni akingoja kufokewa. Na Edina alikuwa tayari kufoka, maneno ya kwanza yameshafika mdomoni. Kisha aibu ikamshika, aibu ya kweli, akaketi mchangani.

"Uliniambia," akasema. "Nimewaharibu mimi."

Maneno hayo Happiness hakuwahi kuyasikia kwa mama mkwe wake. Akakosa pa kutazama, akauliza la kuuliza tu.

"Na maporomoko, mama? Ni makubwa?"

Edina akafungua kinywa ajibu. Akakumbuka jiwe. Akakumbuka wingu. Zaidi ya hapo, hakuna kitu.

"Sijui, mwanangu," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.